Basi Ni la Nani? Habari za Mabasi ya Dar es Salaam na Wenye Mali Kidogo

Yeyote kati yenu aliyepata kwenda Dar es Salaam kumtazama ndugu yake anajua jinsi mji ule ulivyotapakaa. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1978 mkoa wote ulikuwa na watu 843,090. Katika hesabu ya mwaka 2022 wakapatikana 5,383,728. Watu hawa hawakai mjini kati. Wengi wao hukaa pembeni, Manzese upande wa Ubungo, Mwananyamala upande wa Kinondoni, Tandika na Mbagala upande wa Temeke, wala kazi zao hazipo karibu na milango yao. Kwa hiyo kila siku alfajiri hapana budi watu wengi sana wachukuliwe kwenda, na jioni warudishwe. Basi ni kama kisima: asiyelipata hana siku.

Nataka kuwaeleza leo habari za mabasi hayo, tangu yalipokuwa mali ya Waingereza, yakawa mali ya serikali, yakawa mali ya watu wadogo wenye basi moja moja, hata ikaja siku ambayo watu hao wadogo waliulizwa kama wataingia katika kampuni moja kubwa au watakaa nje. Shauri lile liliwagawanya, nami naona ndani yake mna mafunzo hata kwetu sisi tulio mbali na lami, maana killa kijiji kina kitu cha watu wote: mashine ya kusaga, bomba la maji, ghala la ushirika. Na killa mahali swali ni lile lile: kitu hiki ni cha nani, na nani atakitunza?

Mwanzo wake ni huu. Tangu mwaka 1949 mabasi ya mji yaliendeshwa na kampuni moja ya Kiingereza iliyoitwa Dar es Salaam Motor Transport, na watu wakaifupisha kwa herufi zake, DMT. Kampuni hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kuchukua abiria mjini. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 haikuguswa. Lakini mwezi wa Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, na ndani ya siku chache mabenki yote yakawa mali ya taifa. Zamu ya mabasi ikafika mwaka 1970, serikali ikaitwaa DMT. Katika mwaka wa 1974 ikaigawa pande mbili: mabasi ya kwenda mikoani yakapewa shirika la KAMATA, na mabasi ya mjini yakapewa shirika jipya, Usafiri Dar es Salaam, ambalo ndilo UDA.

Wazee waliokuwapo husimulia habari za UDA kwa furaha na huzuni pamoja. Furaha ni ya mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyounganishwa katikati kwa kitambaa kilichokunjamana mfano wa kinanda cha mkono. Watu waliyaita kumbakumba, kwa kuwa yalizoa kituo kizima kwa mara moja. Nauli ilikuwa ndogo, imewekwa na serikali ili mfanyakazi wa chini aimudu, na mwanafunzi alipanda kama watu wengine.

Huzuni ni ya yaliyofuata. Nauli ikiwa ndogo kuliko gharama, hapana budi mtu mwingine ajazie upungufu, na mtu huyo alikuwa serikali. Basi miaka ile serikali yenyewe ilipungukiwa. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, tukapigana vita hata mwaka uliofuata, na vita hula fedha kama moto ulavyo nyasi. Fedha za kigeni zikawa adimu. Gurudumu likipasuka hapakuwa na jingine. Kifaa kidogo cha injini kikivunjika, basi zima lililala karakanani likingoja, na wakati likingoja likanyofolewa vifaa vyake kuponya basi jingine. Mji ulikua, mabasi yakapungua. Watu wakashika njia kwa miguu, au wakapanda magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria kwa siri, yakiitwa teksi bubu, maana hayakuwa na ruhusa ya kusema kazi yao.

Hapa pana jambo la ajabu katika historia yetu, nalo sharti tulitazame vizuri. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa msako mkali wa wahujumu uchumi. Wafanya biashara walikamatwa, maduka yakapekuliwa, mtu mwenye bidhaa nyingi alitetemeka. Na katika mwaka ule ule wa 1983 serikali ikawaruhusu watu binafsi kuingiza mabasi yao katika njia za Dar es Salaam, chini ya UDA na kwa kuilipa UDA ada. Kwa mkono mmoja ilimkemea mwenye mali, na kwa mkono wa pili ikamwita aje asaidie. Sisemi haya kwa kuicheka serikali. Nasema ili tuone ya kuwa haja haingoji mafundisho yakamilike. Watu walikuwa wamesimama barabarani, na ilibidi wachukuliwe.

Nauli ya mabasi hayo mapya ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano wakati ule watu waliiita dala. Kondakta akaning'inia mlangoni akiita, "Dala! Dala!" Ndilo jina lililobaki hata leo, ingawa sarafu yenyewe haiwezi tena kununua chochote.

Mwenye daladala alikuwa mtu gani? Mara chache alikuwa tajiri. Aghalabu alikuwa mtu wa mshahara aliyepewa kiinua mgongo chake, au mfanya biashara wa soko, au ndugu waliochangishana wakanunua gari moja lililokwisha tumika Japani. Mengine ya miaka ya kwanza yalikuwa magari ya mizigo yaliyotiwa mabenchi marefu, abiria wakitazamana kama walio katika mkahawa, hata yakaitwa chai maharage. Kwa mwenye gari, basi lile ndilo shamba, ndilo ada ya shule ya watoto, ndilo nyumba itakayomaliziwa. Likianguka, limeanguka pamoja na nyumba yake.

Lakini mwenye gari hakuliendesha yeye. Alimkabidhi dereva kwa masharti yaitwayo hesabu: jioni uniletee fedha kadha wa kadha, ukipata zaidi ni yako, ukipungukiwa ni shida yako. Mafuta ni juu yako, na faini pia aghalabu ni juu yako. Dereva na kondakta hawakuwa na mkataba wa maandishi. Kwa masharti hayo twaweza kueleza karibu matendo yote yanayochukiza katika daladala. Kwa nini hukimbia? Kwa sababu hesabu inamfukuza. Kwa nini hujaza watu hata mlango haufungi? Kwa sababu hiyo hiyo. Kwa nini hukatisha njia akawashusha watu Magomeni ili ageuze? Kwa sababu kule mbele abiria ni wachache.

Nami niliyaonja haya. Nalikuwa mwanafunzi huko Temeke, na mara nyingi nalisimama kituoni na daftari zangu huku mabasi matatu, manne, yakipita. Mwanafunzi alilipa nauli ndogo kuliko mtu mzima kwa amri ya serikali, wala hapana aliyemlipa mwenye gari ile tofauti. Kondakta alinyosha mkono kutuzuia akasema, "Wanafunzi wawili tu!" Nalimchukia kondakta yule. Leo nikiwa mwalimu, nikiona watoto wangu wakifika shuleni saa tatu wametota jasho, simchukii tena. Naona ya kuwa alipewa mzigo wa huruma ya taifa zima aubebe peke yake kutoka katika mfuko wake, naye hakuwa na mfuko. Huruma isiyolipiwa na mtu humwangukia mnyonge aliye karibu.

Sasa na tuje kwenye upepo wa pili. Mwalimu Nyerere aliondoka katika urais mwaka 1985. Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ikapatana na Shirika la Fedha la Dunia. Katika mwaka wa 1992 ikatengenezwa sheria ya kuunda tume ya kurekebisha mashirika ya umma, na neno jipya likaingia katika lugha yetu: ubinafsishaji. Maana yake ni kuiondoa mali katika mikono ya serikali na kuitia katika mikono ya watu au makampuni. Hata soko la hisa likaundwa Dar es Salaam, likaanza kazi yake mwezi wa Aprili 1998.

Pengine msomaji mmoja atauliza, hisa ni nini? Ni fungu la umilikaji. Kampuni hukatwa mafungu mengi madogo yaliyo sawa, na mwenye fungu moja ni mwenye kampuni kwa kadiri ya fungu lake. Faida ikipatikana hugawiwa, nayo huitwa gawio. Hasara ikipatikana fungu hupungua thamani. Kwa njia hii mtu mwenye fedha kidogo aweza kumiliki kipande cha kitu kikubwa ambacho peke yake asingekigusa.

Ubinafsishaji ulikuja kwa namna mbalimbali, na ni vema tuzitofautishe, maana watu wengi huzichanganya. Namna ya kwanza ni kumpa kampuni kubwa kazi yote, na mwananchi mdogo hana sehemu. Hivyo ndivyo yalivyofanywa maji ya Dar es Salaam. Mwaka 2003 kazi ya kugawa maji na kukusanya malipo ilipewa kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa kwetu, kwa mkataba wa miaka kumi. Mkataba ule haukufika hata miaka miwili. Mwezi wa Mei 1905 ungekuwa mbali. Huu ulikuwa Mei 2005, jana tu katika historia, serikali ilipouvunja na shirika la umma likarudi kazini. Kesi zikaenda mpaka mbele ya waamuzi wa nchi za nje. Mama wa Mbagala mwenye ndoo hakuulizwa lilipotolewa, wala hakuulizwa liliporudishwa.

Namna ya pili ni kuuza sehemu kwa mgeni mwenye ujuzi na sehemu kwa wananchi. Benki ya NMB, iliyotoka katika ubavu wa Benki ya Taifa ya Biashara mwaka 1997, ilifanywa hivyo. Mwaka 2005 asilimia 49 iliuzwa kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Mwaka 2008 serikali ikatoa asilimia 21 nyingine ikawauzia watu wote kwa shilingi 600 hisa moja. Walimu, wauguzi na wakulima walipanga foleni, maombi yakazidi hisa zilizokuwapo. Katika miaka iliyofuata hisa moja ikapita shilingi 2,000, na magawio yakalipwa. Aliyethubutu hakujuta.

Lakini asije mtu akadhani ya kuwa killa hisa ni mbuzi wa kuzaa mapacha. Katika mwaka ule ule wa 2008 serikali ya Kenya iliwauzia watu hisa za Safaricom, bilioni kumi kwa hesabu, killa moja shilingi tano za Kenya. Watu wakakopa ili wanunue. Waombaji walikuwa wengi mno, hata killa mmoja akapewa kipande tu cha alichoomba na fedha nyingine akarudishiwa. Kisha bei ikashuka chini ya shilingi tano, ikakaa huko kwa miaka. Waliokuwa na subira waliiona ikipanda tena baadaye. Waliokopa hawakuweza kusubiri, kwa sababu deni halina subira. Wakauza kwa hasara. Hisa ilikuwa ile ile. Kilichowatofautisha ni fedha waliyonunulia.

Na turudi kwenye mabasi. UDA haikufa kabisa, ila ilikonda. Hisa zake zilikuwa za Halmashauri ya Jiji asilimia 51 na serikali kuu asilimia 49. Mwaka 2011 hisa zake ambazo hazijapata kugawiwa ziliuzwa kwa kampuni ya Simon Group, na mabishano juu ya bei na utaratibu yakafika hata Bungeni. Mimi si hakimu wa shauri lile. Naliangalia jambo moja tu: hisa hizo hazikupelekwa sokoni ili abiria wa Tandika, aliyepanda UDA tangu utoto wake, aweze kununua hata moja.

Wakati huo huo mpango mkubwa ulikuwa ukitengenezwa, wa mabasi yaendayo haraka katika njia yao wenyewe. Wakala wa kuusimamia, DART, uliundwa mwaka 2007, na ujenzi wa awamu ya kwanza ukaanza mwaka 2012 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: kilometa 21 hivi, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco huko Kinondoni na Gerezani. Njia ilijengwa kwa deni la taifa. Mabasi na uendeshaji vilitakiwa vitoke kwa watu binafsi. Na daladala zilizokuwa zikipita Barabara ya Morogoro zilitakiwa ziondoke.

Hapo ndipo swali lilipomfikia mtu mwenye basi moja. Palizungumzwa kwanza zabuni ya kimataifa, na wenye daladala wakapiga kelele ya kuwa wao ndio waliouchukua mji mgongoni mwao kwa miaka thelathini, je, leo barabara nzuri imejengwa wapewe wageni? Hoja zao twaweza kuziweka katika mafungu matatu.

Wa kwanza walisema: "Tuingie. Dunia inageuka, nasi tusipogeuka nayo tutaachwa na magari mabovu katika njia mbovu. Mmoja mmoja hatuwezi kununua basi la kuchukua watu mia na hamsini. Tukiungana tutaweza. Haba na haba hujaza kibaba."

Wa pili walijibu: "Kibaba kitajaa, lakini nani atakipika na nani atapakua? Leo nalala nikijua hesabu yangu, kwa kuwa gari naliona kwa macho na fedha nazipokea kwa mkono. Nikitia fedha katika kampuni kubwa, mwisho wa mwaka wataniambia hapana faida, nami sitaweza kubisha, maana sijui kusoma vitabu vyao. Mwenye hisa kumi mbele ya mwenye hisa laki ni mgeni katika nyumba yake mwenyewe."

Wa tatu walisema: "Sisi hatutaki hisa wala hatutaki vita. Tulipwe fidia ya biashara tunayoondolewa, nasi twende zetu njia nyingine."

Tena palikuwa na kundi la nne ambalo halikuulizwa vya kutosha, nalo ni madereva na makondakta. Wao hawakuwa na gari la kulitoa wala mtaji wa kununulia hisa. Zamani babu zetu walichukuliwa kubeba mizigo ya vita ya Wazungu pasipo kuulizwa. Mwezi wa Aprili 2015 wajukuu zao madereva waligoma nchini kote, wakidai mikataba ya kazi pamoja na mambo mengine. Mji ulisimama siku ile, ndipo wengi walipokumbuka ya kuwa basi haliendi kwa hisa, huenda kwa mtu aliyeshika usukani.

Mwisho likakatwa shauri la katikati. Ikaundwa kampuni ya UDA-RT, ambayo ndani yake mlikuwa na UDA pamoja na vyama vya wenye daladala, DARCOBOA na UWADAR, na mwaka 2015 ikatia sahihi mkataba wa muda na Wakala. Mabishano ya kwanza yakawa juu ya nauli. Kampuni ilitaka safari ya njia kuu iwe shilingi 1,200. Serikali ikakataa, ikawa shilingi 650. Msomaji atakumbuka ya UDA ya zamani: nauli ya huruma, na swali la nani atajazia.

Tarehe 10 Mei 2016 mabasi 140 yakaanza kazi. Atakaye kusema kweli hana budi kusifu. Safari ya Kimara mpaka mjini, iliyokuwa ikila saa mbili na zaidi wakati wa msongamano, ikawa fupi. Mtu alilala kidogo zaidi asubuhi na kuwaona watoto wake kabla hawajalala usiku. Lakini haikupita miaka mingi, foleni ndefu zikarudi vituoni, maana mabasi hayakutosha, na mpango wenyewe ulikuwa umetaka mabasi 305. Karakana kuu ikajengwa Jangwani, bondeni, mahali ambapo kila mvua ya masika ilikuwa imekwisha kuonya. Mafuriko yakaingia, mabasi yakaharibika, na mara nyingine huduma ikasimama. Mwaka 2019 ujenzi wa awamu ya pili ulianza katika Barabara ya Kilwa, kuelekea Mbagala, na wenye daladala wa Temeke wakaanza kujiuliza maswali yale yale waliyojiuliza wenzao wa Kinondoni.

Na yule mwenye basi moja? Wengi walihamia njia nyingine za pembeni ambako mabasi makubwa hayafiki. Jina la chama chao lilikuwa ndani ya kampuni, lakini jina la chama na mkono wa mwanachama ni vitu viwili.

Sasa tuseme nini, sisi tusomao haya tukiwa chini ya mwembe? Mimi nimeona mambo manne.

La kwanza, serikali kumiliki kitu hakukifanyi kiwe cha watu, wala mtu binafsi kukimiliki hakukifanyi kiwe kibaya. Tumesoma habari za Yusufu huko Misri. Wakati wa njaa watu walimpelekea Farao fedha zao, kisha wanyama wao, kisha mashamba yao, wakaokoka na kifo. Lakini njaa ilipokwisha nchi ilikuwa ya Farao. Ghala la serikali liliwaponya, tena liliwafunga. Na upande wa pili tumewaona wenye daladala wakiuokoa mji mwaka 1983, kisha tumemwona mwanafunzi ameachwa kituoni. Kipimo changu ni mwanafunzi yule. Kampuni iwe ya nani iwayo, mtoto mwenye nauli ndogo akipanda kwa heshima, kazi ni njema. Akiachwa, kuna mtu hakulipa sehemu yake.

La pili, anayetaka kuingia katika mali ya shirika na ajifunze kwanza kusoma hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kundi la pili la wenye daladala hawakuwa waoga. Walisema kweli juu ya udhaifu wao. Lakini udhaifu ule una dawa, nayo ni shule. Katika darasa langu la jioni nimewafundisha watu wazima kusoma mapato, matumizi na deni katika karatasi moja, nao wameelewa kwa majuma machache. Si uchawi.

La tatu, wadogo wasiingie mmoja mmoja. Waingie kwa chama chenye kanuni, mkutano wa mwaka na mkaguzi wa nje. Wachaga wa Kilimanjaro waliunda umoja wao wa kahawa, KNCU, mwaka 1933, wakauza kahawa yao kwa sauti moja. Serikali ilipovivunja vyama vya ushirika mwaka 1976 wakulima walionja ukiwa, na mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Kenya nao, walioruhusu matatu tangu mwaka 1973, waliagiza mwaka 2010 kwamba wenye magari wajiunge katika vyama vya akiba na mikopo. Chama si malaika. Chaweza kuliwa na viongozi wake. Lakini chama kikiliwa, wanachama wakutanao waweza kuuliza. Mtu mmoja mwenye hisa kumi akiuliza, hujibiwa kwa barua.

La nne, asinunue mtu kwa fedha ya deni wala kwa fedha ya ada ya mtoto. Katika mfano wa talanta Bwana wetu alimkemea aliyefukia fedha ardhini. Hakutwambia tuitupe barabarani. Weka ile ambayo ukingoja miaka kumi nyumba yako haitalala njaa. Aliye na basi moja tu, ambalo ndilo chakula chake, asiambiwe kwa haraka auze anunue karatasi. Na aapewe muda, na fidia ya haki, na kiti katika mkutano ambamo bei inasemwa.

Nimewaandikia haya kwa sababu mambo ya mji hufika kijijini kwa kuchelewa kidogo, na hufika. Siku moja atakuja mtu na gari safi na karatasi nyingi, aseme bomba la maji la kijiji litapewa kampuni, au ghala litauzwa, na ya kuwa kila mtu aweza kununua fungu. Msimfukuze, tena msimshangilie. Mkarimuni kwa kiti na maji, kisha mwulizeni maswali matatu: Nani atajazia pale maskini asipoweza kulipa? Daftari litasomwa wapi, na lini, na kwa lugha gani? Na yule afanyaye kazi yenyewe, mkataba wake uko wapi? Akiyajibu yote matatu mbele ya mkutano, na yakaandikwa, hapo ndipo mtu afungue mkoba wake.